Msomaji Aliyeshuka Kaburini

Watu wa Mwanjira, kijiji kidogo kati ya Mwabungo na Msambweni, walimwita Chome "padri" kwa kumcheka. Hakuwa padri. Alikuwa msomaji wa kanisa la Kianglikana, na siku za kazi alikata makuti kama wenzake.

"Padri Chome! Mungu wako wa Jumapili hajaamka bado?" walimwambia kila akipita na panga lake.

"Kaamka zamani. Kanituma nije nione nani bado kalala."

Walicheka, naye alicheka. Mzaha ulikuwa ndio sehemu ya ujirani iliyombakia. Alikwenda vitani akiwa Mwislamu kama watu wote wa kwao, akarudi mwaka wa 1945 akijua kusoma, na moyoni akiwa na dini aliyofundishwa na askari mwenziwe huko mbali. Alibatizwa Mombasa. Juma lile lile mkewe alikunja mkeka wake akarudi kwa wazazi wake, na wazee wakaacha kumwita kwenye mashauri. Aliyebaki naye ni mama yake, Bi Mwanarusi. Walipomwendea kumtaka amfukuze, aliwajibu, "Huyu nimemzaa mimi. Kila mtu na afukuze wake."

Kanisa lenyewe lilianzia barazani kwa mama huyo. Waliokusanyika walikuwa Baya, mgema wa Kirabai aliyekuja kufanya kazi kwenye shamba la minazi la tajiri mmoja, pamoja na mkewe, na nyumba chache za vibarua kutoka Taita na bara. Bi Mwanarusi aliwafagilia baraza, akawatandikia mikeka, kisha akaingia ndani na kufunga mlango wimbo wa kwanza ulipoanza. Baraza lilipokuwa dogo, aliwapa pembe ya shamba lake wajenge. Ndugu yake, Abdurahman, alimjia juu.

"Dada, ardhi ya ukoo unaipa msalaba?"

"Nimewapa pale minazi isipozaa," alisema. "Wewe ulipataka pa nini?"

Wakajenga kwa boriti na udongo, wakaezeka makuti. Padri alivuka kivuko cha Likoni na kuwajia mara chache kwa mwaka, kuwapa Meza ya Bwana na kubatiza watoto. Jumapili nyingine zote alisoma Chome. Padri kila alipokuja alipenda kumshika bega mbele ya watu na kusema, "Hili si kanisa la wapita njia. Chome ni mwenyeji." Na kweli, mle ndani mwenyeji alikuwa yeye peke yake. Wengine wote walikuwapo kwa sababu ya kazi, na kazi ikiisha wangefunga mizigo.

Mvua za mwaka wa 1955 zilimkuta Bi Mwanarusi kitandani, kifua kimembana. Asubuhi moja alimwita mwanawe.

"Nikifa, usinipeleke kwa padri wako."

"La, mama. Utazikwa na watu wako."

"Na nani atanishusha?"

Kwa watu wake, mwanamke hupokewa kaburini na wanaume wa damu yake, na wa kwanza ni mwanawe wa kumzaa. Bi Mwanarusi hakuwa na mwana mwengine.

"Nakutaka wewe," mama alisema. "Ulitoka kwangu. Mikono ya kunilaza iwe yako."

"Nitakushusha, mama."

Alikufa Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Wanawake walipokuwa wakimwosha, Abdurahman alimwita Chome nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unajua mwalimu wa msikiti hatakubali asiyekuwa Mwislamu aingie kaburini mwa dada yangu."

"Nilimwahidi."

"Najua. Aliniambia, akanililia." Mzee alivua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, iliyoanza kufifia ukingoni, akamnyooshea. "Vaa. Sitakuuliza neno, na mwalimu hatakuuliza. Watu wataona wenyewe."

"Wataona nini, mjomba?"

"Watakachoona. Vaa, jua linakwenda."

Chome aliipokea. Yeye, mtu wa kusoma, aliamini kwamba dini ya mtu imo katika maneno aliyoyatamka, na hapa hakuna aliyemtaka atamke lolote. Aliivaa.

Kaburi lilikuwa limeingia maji. Shuka ilitandwa juu yake ili maiti asitirike, na chini ya shuka ile Chome na mjomba wake walisimama katika tope mpaka vifundoni, wakampokea. Alikuwa mwepesi kuliko Chome alivyofikiri. Walimwingiza katika mwanandani, lile shimo la ubavuni mwa kaburi, wakamlaza kwa ubavu, uso kuelekea kibla. Chome ndiye aliyelegeza mafundo ya sanda na kuliegemeza shavu la mama yake kwenye udongo.

Alipopanda juu, mwalimu wa msikiti alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Alhamdulillahi. Umerudi." Wanaume wakafuata mmoja mmoja. Watu ambao kwa miaka kumi hawakumwamkia ila kwa mzaha walimkumbatia. "Karibu nyumbani, Chome." Alisimama akiwapa mkono wake wenye tope, kimya. Hakutaka kuanzisha ubishi juu ya udongo mbichi wa mama yake. Kimya chake kiliwatosha.

Jumapili alikwenda kanisani kama desturi. Baya alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake watu wamekaa bila kuimba.

"Ndugu Chome, kofia umeiacha wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Usinifanyie mzaha leo. Kijiji kizima kinasema umerudi kwao. Wanangu wanaulizwa njiani, sisi tutakufuata lini?"

"Nimemzika mama, Baya. Mama aliyetupa hapa tunaposimama."

"Mungu amweke pema. Mimi sikuulizi habari za mama." Sauti ya Baya ilishuka. "Nakuuliza kama wewe bado ni wetu."

"Ni wenu."

"Kawaambie na wao, basi."

Alikwenda akawaambia. Siku ile ile alikwenda kwa Abdurahman, akasema mbele ya jamaa waliokaa matangani kwamba hajaacha Ukristo. "Ungenyamaza," mzee alisema. "Ungeninyamazia mimi tu." Tangu hapo hakuna aliyemwita tena upande ule, kwa harusi wala kwa msiba, na hata mzaha wa njiani ulikoma.

Padri alipokuja alimwondoa kwenye usomaji na kwenye Meza ya Bwana, mpaka atakapoungama mbele ya wote. Hakuwa mtu mkali. Mwaka uliofuata, katika mojawapo ya safari zake, alimsimamisha mbele, akamwambia kwa upole, "Sema tu, ndugu. Hawa wanakungoja."

"Kwa kofia, nilikosa," Chome alisema. "Niliwaacha watu waamini lisilokuwepo. Nasikitika."

"Na kushuka kaburini?"

"Kushuka sikukosa."

"Kofia ile ndiyo iliyokushusha. Huwezi kukiri nusu."

Mkewe Baya alikuwa akilia, upindo wa leso mdomoni.

"Padri, nikisema nilikosa kushuka, nitakuwa nimemtoa mama yangu pale nilipomlaza. Siwezi."

"Unajua kanisa hili litakuwa nini bila wewe?"

"Najua."

Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Baya alijaribu kusoma. Alisoma kwa taabu, akirudia mistari. Shamba la minazi lilipopunguza vibarua, nyumba za Wataita ziliondoka, kisha za watu wa bara, na mwaka wa 1958 Baya mwenyewe alirudi Rabai. Padri hakuwa na wa kumjia. Mvua mbili zilitosha kuangusha paa.

Mwaka uliofuata Abdurahman alikufa. Chome alisimama barabarani, mbali na makaburi, akaona shuka ikitandwa, na wanaume wengine wa ukoo wakishuka. Watu walipotawanyika walimpita. Wengine waliinamisha macho, mmoja alitema mate.

Alingoja mpaka njia ikawa tupu, akasogea hadi penye udongo mpya. Sala iliyokuwa yake sasa ilikuwa ile ya kanisani, nayo mjomba hakuitaka maisha yake yote. Hakuisoma. Alisimama pale bila neno mpaka mbu wakaanza, akaenda zake.