Mvumo Juu ya Ubeti wa Pili

Fundi Onchiri wa Litein hata hakuifungua mashine ya santuri. Aliisikiliza ikivuma kwa nusu dakika, akajifuta mikono, akasema, "Madam, hii imezeeka. Vitu vya zamani huvuma. Niachie hapa, nikuuzie spika ya kisasa."

"Mimi nina miaka hamsini na mbili," Jentrix Adongo akamjibu. "Je, nami navuma?"

Akaifunga mashine ndani ya leso, akaondoka. Kilichomchoma si kushindwa kwa fundi. Ni ule wepesi wa kutoa hukumu bila kuchunguza, kwa sababu ndivyo mama yake alivyohukumiwa.

Beldina, mama yake, alichuma majani chai kwa miaka thelathini na mmoja. Alipokuwa msichana, kwaya ya wafanyakazi ilikwenda Nairobi kurekodi santuri moja, na ubeti wa pili ukaharibika. Kiongozi wao, Mwalimu Ogada, aliyeimba peke yake mwanzo wa kila ubeti, alisema mbele ya watu wote kwamba Beldina alidakia mapema, akamtoa kwenye kwaya. Beldina alisema alihesabu mapigo manne ya gitaa kama walivyofunzwa. Nani angemsikiliza mchuma chai? Santuri yenyewe hakuisikia kamwe. Hakuwa na mashine.

Mwezi uliopita Jentrix aliikuta santuri hiyo kwa Calvince, mwuza vitu vikuukuu sokoni Kericho. Kaka yake, Eliakim, akatoa mashine yake ya zamani na amplifaya ya kukuza sauti. Sauti za watu zilisikika, lakini mvumo mzito ulitanda chini yake na kulimeza gitaa lote. Sikio la kushoto la Beldina lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia lilipungua kila mwezi.

"Nasikia nyuki tu," alisema, akageuza uso dirishani.

Jentrix alikuwa mkaguzi wa ubora kiwandani. Chai ikitoka chungu, hakulaumu jani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kukausha hadi kuchachusha, hadi kusaga, hadi kunyausha, akibadilisha jambo moja tu kila mara. Jumamosi iliyofuata safari ya kwa fundi, alifanya vivyo hivyo. Alizima friji, mvumo ukabaki. Akaisogeza mashine mbali na amplifaya, ukabaki. Akachomoa nyaya zinazoleta sauti kutoka kwenye mashine, na amplifaya ikanyamaza kimya. Basi amplifaya haikuwa na kosa. Akazirudisha, na alipoushika mkono wa chuma unaobeba sindano ili auweke sawa, mvumo ukafifia. Akauachia, ukarudi. Akaushika tena, ukafifia.

Kumbe chuma kile kilihitaji kuunganishwa na kitu cha kuuondoa mvumo, kama mwili wake ulivyofanya. Akaipindua mashine. Chini yake palichomoza waya mwembamba wa kijani, urefu wa kidole, umekatwa kwa kisu.

"Eliakim, nani alikata huu?"

"Mimi," Eliakim akasema bila wasiwasi. "Huo ni wa athi, waya wa kwenda ardhini, dada. Athi ndiyo inaita radi ndani ya nyumba. Ulisahau ng'ombe wa Kipkurui aliyeuawa na radi? Siku ile nilikata nyaya zote za athi nilizoona."

"Huyo ng'ombe alikuwa anasikiliza santuri?"

"Wewe cheka tu. Mvua ya mawe ya huku unaijua."

"Radi ikikutisha, chomoa plagi. Waya huu hauendi popote nje. Unatoka kwenye mashine mpaka kwenye skrubu ya amplifaya, basi. Na hizo nyingine ulizokata ukutani, Jumatatu fundi wa stima atazirudisha, na utamlipa wewe."

Eliakim alifungua mdomo, akamwona Jentrix amekwisha kushika kisu cha jikoni, akaenda kutafuta waya. Jentrix alimenya ncha, akausokota ule wa zamani kwa kipande kipya, akafunga kwa utepe, kisha akaukaza upande wa pili chini ya skrubu. Akawasha. Chumba kikatulia kana kwamba hakuna kilichowashwa.

Alimketisha mama yake, sikio la kulia karibu na spika, akashusha sindano. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza na Ogada peke yake. Beldina aliinua kidole, akahesabu pamoja na gitaa: moja, mbili, tatu, nne. Sauti changa ya kike ikaingia pale pale. Juu yake Ogada alikuwa bado anairefusha noti yake, akiipamba, mpaka akagongana na kwaya nzima.

"Rudisha," Beldina akasema.

Jentrix akarudisha mara tatu. Mara ya tatu Beldina hakuhesabu. Aliisikiliza tu ile sauti.

"Ogada bado yuko Kapkatet?"

"Yuko, Mama. Anatembelea mkongojo."

"Mwite kesho baada ya kanisa. Usimwambie kuna santuri. Mwambie kuna chai."