Fundo la Mjomba

Bawabu wa chuo chetu hapa Rangpur, ambaye sote tunamwita mjomba, hawezi kufunga tai kwenye shingo ya mtu mwingine. Kila siku ya ushauri wa kazi, waajiri wanapokuja, tunampangia foleni langoni. Huivaa tai yako yeye mwenyewe, akaikaza, akailegeza, kisha akakuvisha kama bwana harusi anayevishwa shada, nawe ukanukia mafuta yake ya nywele, ya haradali. "Unapumua?" huuliza. "Basi nenda, wasikutishe hao."

Mwaka huu gari la benki lilisimama, akashuka mgeni wetu wa kutufundisha kujitegemea, aliyewahi kusoma hapa hapa, tai mkononi.

"Mjomba, lile fundo lako mke wangu kalifungua jana, eti anafua."

"Miaka tisa hukulifungua?"

"Nilikuwa nalilegeza tu, nalitundika msumarini."

Mjomba wala hakucheka. "Foleni inaanzia kule, mpwa wangu."

Mgeni akaja kusimama nyuma yangu. Baadaye alipanda jukwaani, akakohoa: "Leo tutazungumza juu ya kujitegemea." Ile harufu ya haradali ikatufikia mpaka viti vya nyuma, na wa kwanza kuangua kicheko alikuwa yeye.