Jina Bovu kwa Kilatini

Kasiani wa Ivuna alimvua mnyama ngozi kama wewe unavyomvua mtoto shati. Mwaka 1934 aliajiriwa na Mzungu mmoja aliyekusanya wanyama wa bonde la Rukwa kuwapeleka Ulaya. Kasiani alichuna, akapaka chumvi, akajaza pamba, kisha akafunga kikaratasi mguuni: jina la ukoo, halafu la mnyama mwenyewe, yote Kilatini. Sungura mfu akawa na nasaba iliyonyooka kuliko ya karani wa boma.

Nyumbani hakukuwa na cha kuchekesha. Yeye na mkewe Nesta walishazika watoto watatu, Ferista, Osward na Jenista, wote na majina mazuri ya ubatizo. Wa nne, wa kike, siku ya tatu tu akaanza kuchemka homa. Mama mkwe wa Kasiani akasema mtoto apewe jina bovu, kifo kikilisikia kiteme mate kipite. Wakachagua Fisi. Padre akakataa katakata.

Kasiani akarudi na kikaratasi.

"Basi hili, Padre. Ni Kilatini, lugha yenu."

"Crocuta? Kasiani, huyu ni fisi!"

"Kumbe mnamjua."

Padre akashusha pumzi. "Mwite Ursula. Ni mtakatifu, na maana yake dubu mdogo. Hata Roma ya zamani kulikuwa na ukoo wa Porkio, jina limetoka kwa nguruwe, na walikuwa wakubwa."

"Dubu ndiyo nini?"

"Mnyama wa kwetu. Manyoya tele."

"Ananuka?"

Padre akafikiri. "Sana tu."

Akabatizwa palepale. Nesta alipoelezwa akalia kwa hasira. "Kifo cha Ivuna kimjulie wapi dubu, Baba Ferista?"

Kasiani, akili zimemruka, akakifunga kile kikaratasi cha Crocuta mguuni mwa mtoto. Nesta akapiga ukelele.

"Hivyo si ndivyo unavyowafunga waliokufa!"

Akakata uzi kwa kisu cha kuchunia. Adhuhuri mtoto akanyamaza. Wakashukuru, wakidhani amelala. Alikuwa ameshakufa.

Mwaka uliofuata akazaliwa wa tano. Padre akaja mwenyewe mpaka mlangoni kuuliza jina.

"Hana," akasema Kasiani.

"Atakuwa nalo lini?"

"Hana, Padre. Nenda."

Miezi saba ikapita, mtoto akiwa bado "wewe" tu. Nesta alimnyonyesha kimya, akiogopa hata kumwita mwanangu, kifo kisije kikasikia.