Alama Niliyomchongea Babu

Ile alama niliichonga mimi. Naanza na hilo ili mtu asisome hadi katikati akadhani kuna Mjerumani humu ndani. Mshale mmoja, msalaba chini yake na namba saba, kwa tindo niliyoiazima kwa fundi aliyekuwa anatujengea banda. Kisha nikaisugua kwa tope na kinyesi cha ng'ombe mpaka ikazeeka.

Jiwe lenyewe liko kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo huku Kilema, kati ya migomba na mfereji. Babu alikuwa halifikii tena. Tangu tumzike bibi alishinda kitandani, na mama alikuwa anampelekea bakuli la mtori na kurudi nalo limejaa, akisema leo vijiko viwili, leo kimoja. Baba yuko safarini na lori, kwa hiyo hesabu ya vijiko tulikuwa nayo sisi wawili.

Kitu pekee kilichomwinua babu kilikuwa kipindi cha televisheni cha Jumamosi mchana: Wazungu wanaotafuta hazina inayosimuliwa kwamba ilifukiwa kisiwani. Mimi ndiye mkalimani. Nisipoelewa natunga, na mara nyingi nilikuwa sielewi. Wanashusha mashine kubwa kama kanisa, wanachimba wiki nzima, wanapata msumari. Wanaupakata kama kichanga, wanakumbatiana, muziki unapigwa, kipindi kimekwisha. Babu anatikisa kichwa: wamekaribia hawa. Nilimcheka sana, lakini ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa sithubutu kuizima. Ule msumari unakushika shingo.

Sasa, baba yake babu aliwabebea Wajerumani mizigo wakati wa vita, na babu alikua akisikia kwamba kuna masanduku yalipanda mlimani yasishuke. Nikaona hapo pana utani wa bure. Nikamwambia, babu, shikamoo, kuna jiwe lina mchoro kule kwenye mfereji. Nilitegemea aende, alitazame, anitukane kwa Kichagga, tucheke.

Akaomba buti zake. Akapitisha kidole kwenye mshale, taratibu, mara mbili. Akaomba sululu.

Alichimba wiki tatu. Nikitoka shule nilikuwa nazoa udongo kwa ndoo, nikijiambia kesho nitamwambia. Ila bakuli lilikuwa linarudi tupu. Alidai ndizi na maharage, akalalamika chumvi haitoshi, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku moja akapata msumari. Huo, naapa, sikuuweka mimi. Aliuosha mferejini akautia mfuko wa shati.

Shimo lilipomfika kifuani, akaegemea mpini akaniambia mpango wake. Sanduku likitoka, kwanza atamjengea bibi kaburi la vigae, maana mwenzake amelala kwenye udongo mtupu na ule msalaba wa mbao umeanza kuoza. Vigae vyeupe, akasema, na jina lake liandikwe lote.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia kila kitu, tindo, tope, kinyesi.

Kisha akauliza, "Hata mshale?"

"Hata mshale, babu."

Akakwangua udongo kwenye sululu, vizuri, kama anayeirudisha kwa mwenyewe. Akaninyooshea mkono nimtoe shimoni. Mwepesi, jamani. Wiki tatu za kula na bado alikuwa mwepesi vile.

Jumamosi nikawasha televisheni, nikamwita. Akageukia ukutani. Nikakaa nikaangalia peke yangu. Walikuwa wamepata kipande cha mbao, wanakumbatiana. Jumapili hakula. Jumatatu mama alimshika kichwa akamnywesha uji, ukatoka wote pembeni mwa mdomo. Mganga wa zahanati akaja, akampima, akasema ugonjwa hauoni, ila mzee asipokula hafiki mwisho wa mwezi.

Nilipomsindikiza mganga na kurudi, mama alikuwa ameketi kizingitini na bakuli mapajani. Akaniuliza babu ameona nini kule shimoni. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilisubiri kofi, hata nilijisogeza karibu asichoke kulifikisha. Hakuninyanyulia mkono. Alitazama mtori uliokuwa umeshaganda juu, akaukoroga kidogo, halafu akasema:

"Kesho kaazime tena tindo. Chonga jiwe lingine, na safari hii ufunge mdomo wako."