Meno ya Mashine na Kichwa cha Mama

Siku ya arobaini ya baba, shangazi yangu alipitisha pamba juu ya kichwa cha mama, kutoka paji la uso hadi kisogoni, na pamba haikunasa. Akaipitisha upande wa kushoto, ikateleza. Akaizungusha utosini, ikateleza. Watu kama thelathini walikuwa wameketi uani kwetu Maposeni na wote walikuwa wanatazama. Shangazi akaitupa ile pamba chini, akasema, "Haijapita."

Nitaeleza kwa mpangilio jinsi tulivyofika hapo, maana tangu siku ile habari hii imesimuliwa kwa namna nyingi, na katika nyingi kati ya hizo mimi ni binti aliyechezea msiba wa baba yake.

Katika ukoo wa baba, mjane hunyolewa siku ya kumaliza tanga. Anayemnyoa ni dada wa marehemu, na hutumia wembe. Nywele zikishaondoka, hupitisha kipande cha pamba kichwani. Pamba ikinasa, nywele bado zipo na wembe unarudi. Pamba ikiteleza, anatamka mbele ya watu kwamba mjane amefunguliwa. Kabla ya neno hilo mjane hatii mbegu ardhini, na akikaidi akapanda, ukoo hauli mavuno yake. Nimewauliza watu wazima wanne desturi hii ilianza lini, nikapata majibu manne.

Mama yangu ana kisukari. Mwaka uliotangulia msiba, mwiba ulimchoma kidole cha mguu akiwa anapalilia. Kidonda kilikaa miezi mitano, na mwisho wake hospitali walikikata kidole. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha alimwambia mbele yangu, "Bibi, kuanzia leo ngozi yako uitunze kama yai." Sasa hesabu mwenyewe: mwanamke wa namna hiyo, kichwa kizima, wembe mkavu, na mkono wa mzee wa miaka sabini na kitu unaotetemeka hata akishika kikombe cha uji.

Siku ya nne baada ya mazishi shangazi alikuja kupanga arobaini. Nikampigia magoti, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kumwambia wifi yangu ajiandae. Wembe nitakuja nao mwenyewe, mpya, kwenye karatasi yake, msije mkasema nawaletea magonjwa."

Nikamweleza habari ya kisukari na kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema, "Mimi nilinyolewa nikiwa na malaria. Bibi yako alinyolewa akiwa na mtoto wa wiki mbili. Huyu wenu ana sukari, basi kichwa kimekuwa andazi?"

"Tunaweza kumnyoa kwa mashine, shangazi."

"Mashine inaacha. Nawaona hao vijana wa mjini, wanatoka saluni vichwa vimebaki na mabua kama shamba la mtama. Pamba itanasa kabla haijafika sikioni."

Hapo alikuwa na haki. Mashine ya kawaida inaacha. Lakini mimi sikuisikia kama kauli ya kunishinda. Niliisikia kama kipimo. Kumbe shangazi alikuwa amenipa kitu ambacho fundi hukitafuta kabla ya kugusa chuma: kazi ifanye nini, na tutajuaje kwamba imefanya. Inyoe mpaka pamba iteleze. Isitoe damu. Siku zilizobaki, thelathini na sita.

Nina kibanda Songea mjini, si mbali na stendi. Nanyoa, na nanoa visu vya mashine za vinyozi wenzangu. Kabla ya hapo nilisomea ufundi wa mitambo na kutengeneza mashine za kusaga unga kwa miaka saba. Katika mtaa ule kinyozi mwanamke ni mimi peke yangu, na wale wanaume ambao mwanzoni walisema sitamaliza mwezi, sasa wananiletea visu vyao vikichoka.

Mashine ya kunyolea ina visu viwili, na kila kimoja ni safu ya meno. Cha chini kimetulia, ndicho kinachogusa ngozi. Cha juu kinakwenda kushoto na kulia kwa kasi. Unywele ukiingia kati ya meno mawili ya chini, jino la juu linapita na kuukata, kama mkasi. Kwa hiyo unywele unaobaki kichwani una urefu sawa na unene wa kile chuma cha chini. Hapo ndipo yalipo yale mabua ya shangazi. Ukitaka yaishe, chuma kiwe chembamba zaidi. Lakini chuma kikiwa chembamba, ngozi inajibinua na kuingia kati ya meno, na jino la juu halijui tofauti ya ngozi na unywele.

Nilinunua daftari la shule na kuchora jino moja kwa ubavu, kubwa kama kidole gumba. Nililichora mara nyingi kabla sijawasha kitu chochote.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo kila kinyozi analijua: kulegeza skrubu na kukisogeza kisu cha juu mbele mpaka kilingane na cha chini. Nikajaribu kwenye mkono wangu mwenyewe. Kilinyoa vizuri, na kikaacha vitone vitatu vya damu vimepangana kama vifungo vya shati. Nikaandika daftarini: hapana.

Jaribio la pili lilikuwa kosa la haraka, na nilipaswa kulijua. Nilichukua kisu cha chini nikakipunguza kwa grainda, lile jiwe la umeme la kusagia chuma. Kazi ya dakika mbili. Chuma kikageuka rangi ya bluu kwenye ncha, na bluu ile maana yake ni kwamba moto umekilainisha, hakitashika makali tena. Niliiona na bado nikakifunga kwenye mashine, kwa ubishi tu. Kichwa cha kwanza kilipita. Cha pili kilikuwa cha dereva wa bodaboda, mteja wangu wa kila wiki. Katikati ya kazi akashika mikono ya kiti.

"Dada, samahani kuuliza. Unaninyoa au unaning'oa?"

"Vumilia kidogo, nafanya majaribio."

"Majaribio? Kwani mimi sungura? Si ungeniambia nije na cheti cha daktari!"

Nilimmalizia kwa mashine nyingine bila malipo, na akawatangazia wenzake wote kijiweni kwamba kwa yule dada siku hizi mtu anachunwa. Kwa siku kadhaa wateja walipungua. Kinyozi wa jirani, mwanamume wa rika langu, alikuja kuegemea mlango wangu.

"Mwenzangu, visu vinatengenezwa kiwandani. Kuna wahandisi kule, wamevaa makoti meupe. Wewe una tupa na hasira."

"Hao wahandisi wanamjua mama yangu?"

"Hawamjui."

"Wanazijua nywele zake?"

Akacheka, akaondoka. Sikuwa natania. Visu vile vinaletwa vikiwa vimepangwa kwa nywele zilizonyooka, zinazosimama na kuingia zenyewe kati ya meno. Nywele zetu zimejikunja, zinalala juu ya ngozi. Anayezinyoa hukandamiza mashine ili zinaswe, na hapo ndipo vipele vya kisogoni vinapozaliwa. Miaka yote tumeambiwa vipele vile ni ngozi yetu mbaya. Mimi nimevisugua visu hivyo kwa mkono wangu na nasema ni chuma kibaya.

Jaribio la tatu lilinichukua wiki tatu. Nilichagua kisu cha chini cha ile mashine ndogo ya kuchongea pembeni, kwa sababu meno yake ni mengi na yamebanana; nafasi ikiwa finyu ngozi haina pa kujibinulia. Sikukigusa kwa grainda tena. Nilimwaga dawa ya kusagia valvu, ile ya mafundi wa magari, juu ya kipande cha kioo kinene, na kukisugua kwa vidole viwili, nikichovya kwenye maji kila baada ya muda ili kisipate joto. Niliazima kwa fundi wa magari vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu, nikawa nalinganisha unene kwa kushika. Ncha za meno nilizizungusha kwa msasa laini, jino moja baada ya jingine, mpaka zikawa kama ncha ya kijiko, zikiteleza badala ya kuchimba. Kisu cha juu nilikirudisha nyuma kidogo sana, na pembe zake mbili za mwisho, ambazo ndizo hukwaruza zaidi, nikaziondoa kabisa.

Nikajinyoa kichwa changu. Mimi binti wa marehemu, hakuna aliyeshangaa kuniona na kipara. Pamba ikateleza kote isipokuwa utosini, pale nywele zinapozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Ikabidi nisubiri nywele ziote, nijaribu tena, safari hii nikienda utosini kutoka pande nne. Ikateleza. Nikajipapasa kichwa chote kwa kitambaa cheupe. Hakikupata doa.

Siku ya arobaini tulitoka misani, tukala, kisha shangazi akamkalisha mama kwenye kigoda na kufungua karatasi ya wembe. Nikasimama mbele yake.

"Shangazi, nakuheshimu. Wembe huo hautagusa kichwa hiki."

"Toka hapo, we mtoto wa kaka."

"Sitoki. Utanyoa wewe, kwa mkono wako, kama inavyotakiwa. Lakini utanyoa na hii." Nikampa mashine, waya wake umetoka dirishani.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, akakohoa na kutazama kuku. Mama hakuinua kichwa, ila alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Wifi, mfiwa ni mimi na kichwa ni changu. Nyoa tuone."

Shangazi aliishika ile mashine kama mtu aliyepewa panya. Nikauweka mkono wangu juu ya wake, nikamwonyesha mara moja, nikaondoka. Nitasema ukweli: alinyoa vizuri. Mkono ulitetemeka, na meno yale yakauvumilia mtetemo wake bila kuuma. Haikutoka damu hata chembe. Ndipo akachukua pamba, na ikawa kama nilivyoandika mwanzo.

"Haijapita vipi, shangazi?" niliuliza. "Imenasa wapi?"

"Pamba huulizwa baada ya wembe. Wembe haujafika hapa, kwa hiyo pamba haikuulizwa kitu."

Wanawake wa upande wa mama wakaanza kuguna. Mmoja akasema wazi, "Kumbe pamba nayo ina masikio!" Kicheko kikazuka, kikazimika haraka. Nikamgeukia baba mdogo.

"Baba mdogo, wewe umeona nini?"

"Imeteleza. Nimeona."

Shangazi akamtazama.

"Nimeona tu," akasema baba mdogo. "Sijasema."

Shangazi akaukunja wembe ndani ya karatasi yake na kuomba asindikizwe stendi ya Peramiho kabla gari halijajaa. Nilimsindikiza mimi. Tulitembea bila kugombana. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: chuma kile nilikipunguzaje bila kukivunja. Nikamweleza kioo, maji, vidole viwili. Akasema, "Mmh." Tulipofika alipanda gari, hakuniaga, wala hakulitamka lile neno.

Wiki mbili baadaye mvua za kwanza zilinyesha. Mama alinipigia simu asubuhi, nikiwa nafungua kibanda.

"Mwanangu, ardhi imelowa."

"Umeamua nini?"

"Nimeshika jembe. Unafikiri nimeamua nini?"

Alipanda mahindi shamba lote, ekari moja na nusu, kwa mikono yake na vidole tisa vya miguu. Majirani waliopita barabarani walimsalimu, wengine wakavuka upande wa pili. Hakuficha mbegu wala hakupanda kwa kujiiba. Nilipokwenda Jumapili nilimkuta anaweka mbolea, kichwa wazi juani, nywele mpya zimeanza kuota sawasawa pande zote, ngozi nzima.

Ukoo umekutana mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza walisema wasubiri shangazi aseme. Mara ya pili shangazi hakuja. Alituma salamu kwamba mguu unamsumbua. Baba mdogo ameniambia, faraghani, kwamba yeye angekula. Nilipomwomba aseme hivyo mbele ya watu, akaniambia kila jambo na wakati wake. Nikamwambia mahindi nayo yana wakati wake.

Sasa yamenipita kimo na yameanza kutoa mbelewele. Upande wa baba, hakuna hata mmoja aliyesema mbele ya watu kama atayala.