Duka Langu Lilitangazwa Marehemu Huku Redio Ikiimba Ndani

Mtu kuzushiwa kifo nimeshaona. Lakini duka kuzushiwa kifo, huku redio inaimba ndani, hilo limenikuta mimi mwenyewe.

Mimi ni kinyozi. Nikitoka, redio huwa naiacha inawaka kusudi, wezi wadhani kuna mtu. Miaka yote wezi wameiheshimu redio ile. Jiji halikuiheshimu.

Narudi zangu mchana, nakuta juu ya kufuli langu pametundikwa kufuli jingine, kubwa kama kichwa cha mtoto. Pembeni karatasi nyekundu:

DUKA HILI LIMEKUFA KIBIASHARA. LITAFUFULIWA NA KUPEWA MJASIRIAMALI MPYA.

Nikaisoma mara mbili. Ndani redio inatangaza matokeo ya mpira.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Kiwanda kikubwa cha mji wetu kilikuwa kimefungwa, na hela ikapotea mtaani kama maji yaliyokatwa. Kinyozi anaijua hali ngumu mapema kuliko benki. Aliyekuwa anakuja kila wiki anakuja kila mwezi. Wengine wakaanza kunyolewa na wake zao jikoni, ukikutana nao njiani wamevaa kofia na jua lenyewe halipo.

Jamaa mmoja aliniambia, "Leo nichonge mbele tu. Kisogo sikioni, kitasubiri mshahara."

Tulikuwa tunabanana hivyo hivyo, lakini tulikuwa hai. Naomba mlishike hilo.

Ndipo jiji likaamka kutuokoa.

Likaanzisha kitu kinaitwa Mpango wa Kufufua Biashara za Mtaa. Mpango ukapewa ofisi, gari, fulana za njano na bosi. Bosi mwenyewe tulimbatiza Bwana Fursa, maana hakuwahi kumaliza sentensi bila neno hilo. Ukimwambia umeme umekatika, anakwambia hiyo ni fursa ya kuuza mishumaa.

Alipita duka kwa duka na viatu vyake vya kung'aa, akitualika semina. Ukumbi wa jiji, Jumamosi asubuhi. Lazima mwenye duka aje yeye mwenyewe. Asiyekuja ajihesabu yuko nje ya msaada.

Jumamosi! Kwa kinyozi Jumamosi ndiyo wiki nzima.

"Mkuu," nikamwambia, "kwa nini isiwe Jumatatu? Jumatatu hata nzi hawaingii humu."

"Kinyozi, wewe unaona tatizo. Mimi naona fursa."

Nikafunga duka, nikaenda. Mtaa mzima tulifunga, tukaenda. Msaada wenyewe nani angetaka kuukosa?

Semina ilikuwa hivi. Mtu ambaye hajawahi kuuza hata sindano alisimama mbele ya watu waliolea watoto kwa biashara, akatufundisha kutabasamu. Kweli kabisa. Tulisimama wote, tukageukiana, tukaambiwa tutabasamu kibiashara. Jirani yangu, fundi viatu, mzee mpole asiye na mke wala ndugu mjini, alinitabasamia na meno yake manne mpaka nikamwonea huruma.

"Msikae mnamsubiri mteja!" Bwana Fursa alikuwa anapaza sauti. "Mfuateni aliko!"

Nikanyoosha mkono. "Mkuu, mimi nimfuate nikamnyoe usingizini?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Tukapewa chai ya baridi na kipande cha keki kikavu, tukaruhusiwa kurudi kwenye maduka yetu.

Na tuliporudi ndiyo tukakuta yale makufuli. Karibu mtaa mzima. Fundi viatu alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mkononi kiatu alichokabidhiwa na mteja njiani, anakigeuzageuza kama kitamjibu.

Hapo lazima niwaeleze kitu kimoja. Maduka ya mtaa wetu ni mali ya jiji, sisi ni wapangaji tu. Kodi yangu haikuwa na doa. Lakini kiti changu, kioo, mashine, kila kitu kilikuwa ndani. Bila duka lile nilikuwa nimebaki na mikono mitupu, na nyumbani kuna watoto watatu wenye tumbo lisilojua habari za uchumi.

Jumatatu nilikuwa mtu wa kwanza kwenye ofisi ya Mpango. Dada wa mapokezi alikuwa anapaka kucha rangi.

"Wakaguzi walipita wakakuta umefunga," akasema.

"Nilikuwa kwenye semina yenu!"

"Semina ni mambo mengine na ukaguzi ni mambo mengine, kaka yangu."

"Dada, mmeniita niwaache wateja, nimewaacha, halafu mnasema sina wateja?"

Akapuliza kucha. "Duka likishaandikwa limekufa, limekufa. Ila unaweza kuomba upya kama mjasiriamali mpya. Umewahi kufanya biashara?"

"Miaka kumi na tano! Hapo hapo!"

"Aa, basi huna sifa. Mjasiriamali mpya lazima awe hajawahi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kukohoa. Nikatoka zangu.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu huku nimeshika kichwa. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alikuwa kwenye kochi anaangalia tamthilia. Huyu mama tangu namwoa binti yake hajawahi kuiita kazi yangu kazi. Kwake mimi nilikuwa mtu wa kukuna vichwa vya watu.

Bila kutoa macho kwenye runinga akauliza, "Wanataka mtu asiyejua chochote?"

"Ndiyo, mama."

"Ambaye hajawahi kuuza hata kibiriti?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niandikeni mimi."

Mke wangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulifikiria.

Nilimsindikiza kwenye usaili, nikakaa nje ya mlango. Kila kitu nilikisikia.

"Mama, una uzoefu gani wa biashara?" Sauti ya Bwana Fursa.

"Sina."

"Vizuri sana. Unajua kunyoa?"

"Baba, mimi hata kuku kumnyonyoa hunishinda."

"Safi kabisa! Unaona," akamwambia mwenzake, "huyu ndiye tunayemtafuta. Hana mazoea ya zamani ya kumharibu."

Akapewa duka. Duka langu, na kiti changu, na redio yangu, mbele ya macho yangu. Sikujua nifurahi au nitafute pa kujificha.

Majirani wakashtuka, wakaiga. Muuza vyombo akamleta shemeji yake, mama wa saluni akamleta wifi yake ambaye ndiyo kwanza ametoka shule. Wapya wote wakapita. Wenye maduka wakarudi kwenye maduka yao kama wafagiaji wa ndugu zao.

Isipokuwa fundi viatu. Yeye alikuwa hana wa kumpeleka. Alihamia kwenye ukingo wa barabara, ng'ambo ya duka langu, na sanduku na nyundo ya kuazima, jua lote la mchana likimwishia kichwani. Duka lake likabaki na kufuli, likingoja mjasiriamali mpya. Nilikuwa nikimwona kila nikiinua macho, na nilikuwa nikiona aibu.

Siku ya ufunguzi ikafika. Wakaja na utepe, wakaukata kwa mkasi wangu. Wakaja na waandishi wa habari. Bwana Fursa akamkumbatia mama mkwe, kamera zikawaka, akatangaza:

"Na mimi mwenyewe ndiye mteja wake wa kwanza!"

Nikiwa pale kona na fagio langu nikaanza kumpa mama ishara, kwamba aikamate mashine kwa juu, kwamba aweke kile kitana cha mbele kinachobakiza nywele. Mama hakuniangalia hata kidogo. Alikamata mashine kama anapiga nguo pasi, akaiwasha, akaipitisha kuanzia kwenye paji mpaka utosini. Moja kwa moja. Palibaki barabara nyeupe katikati ya kichwa, na nywele kwa huku na huku.



Bwana Fursa akajitazama kwenye kioo. Halafu akakumbuka kamera.

"Huu," akasema, "ndio ubunifu tunaoutaka!"

Watu wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi, na mmoja akauliza kama mtindo ule una jina.

Kamera zilipoondoka, nusu saa haikupita, mtu akagonga mlango wa nyuma. Bwana Fursa, na kofia ya dereva wake.

"Kinyozi, nisaidie ndugu yangu. Saa kumi nahutubia wafadhili."

"Mimi mfagiaji tu, mkuu."

"Acha utani bwana, najua wewe ndiye mwenye duka."

Lile neno likanigonga. Nikamkalisha, nikamfunga kitambaa shingoni, nikamwekea taulo ya moto usoni. Kiti cha kinyozi kina kitu chake. Mtu akishafumba macho pale, anasema mambo ambayo mkewe hajawahi kuyasikia. Nikaanza na upande wa kushoto, polepole.

"Mkuu, kwa hiyo unajua hili duka halikuwahi kufa."

"Najua."

"Ule ukaguzi basi, walikosea siku?"

Akacheka kidogo chini ya taulo. "Kinyozi, wewe ni mtu mzima. Tuliletewa fungu la kufufua maduka. Tumekuja kwenu tunakuta yaliyokufa ni mawili tu, mengine yote yanahangaika lakini yako wazi. Sasa ningefufua nini?"

Mashine ikanguruma mkononi mwangu. Sikuwa naisogeza.

"Kwa hiyo semina..."

"Ilikuwa ya kuwatoa tu madukani. Lakini si mmerudi wote? Nani ameumia hapo?"

Kwenye kioo, nyuma ya kichwa chake, niliweza kumwona fundi viatu ng'ambo, amejifunika gazeti kichwani, anagonga kisigino cha mtu.

Nilimchukia yule bwana. Silipambi, nilimchukia, yeye na keki yake kavu na viatu vyake na lile tabasamu alilotufundisha. Nilikuwa namwona zuzu. Kumbe zuzu nilikuwa mimi, niliyedhani mtu anaweza kuwa mjinga kiasi kile bila kulipwa.

Mkono ukaja ukazima mashine. Mama mkwe. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote.

"Mkwe wangu, pumzika," akasema. "Huyu ni mteja wangu."

Bwana Fursa akatoa taulo, akafumbua macho. Kushoto kichwa safi, katikati barabara, kulia nywele zote.

"Mama, mbona mmeacha?"

"Yule mzee pale nje apewe ufunguo wake. Ndipo huyu atamalizia."

"Hilo haliwezekani, kuna taratibu..."

"Sawa." Mama akachukua mashine, akaiwasha yeye. "Basi nimalizie mimi."

Jamani, sijawahi kuona mtu mzima anaruka kwenye kiti namna ile.

"Nitakunyang'anya hili duka!"

"Ninyang'anye, baba. Kisha uwaite wale wenye kamera, uwaambie yule mama uliyemfufua asubuhi amekufa mchana."

Akamtazama. Akatazama kioo. Akatazama saa. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, maana ningemwangalia usoni ningecheka na kuharibu kila kitu.

Akatoa simu.

Kijana wa fulana ya njano alikuja na ufunguo anakimbia. Fundi viatu alipofungua mlango wake, alisimama pale kizingitini bila kuingia, kama mtu anayeogopa kuamshwa. Halafu akaingia, tukasikia anaburuta kile kigoda chake.

Nikamalizia kichwa. Nilikinyoa vizuri, tena vizuri sana, maana ahadi ya mama mkwe ni ahadi. Bwana Fursa akaondoka bila kuaga, na mama akamfuata mpaka mlangoni akidai malipo. Alilipa.

Tangu siku hiyo mama mkwe kazi yangu anaiita kazi. Ananiita pia mfanyakazi wake, lakini hayo ni ya nyumbani.

Sasa subirini.

Jioni tukiwa mbele ya runinga, taarifa ya habari ikamwonyesha Bwana Fursa mbele ya wafadhili, kichwa kinang'aa, kazi ya mikono yangu. Akasema Mpango umevuka lengo. Akasema leo hii hii, saa chache zilizopita, yeye binafsi amesimamia ufufuaji wa duka jingine, la mzee mmoja aliyekuwa amekaa juani barabarani, hana msaada wala matumaini.

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mama mmoja wa mbele alikuwa anafuta machozi.

Mke wangu akazima runinga.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, siku ukisikia wakubwa wanatangaza wamefufua kitu mtaani kwenu, mikono yako iache kwanza mfukoni. Waulize kilikufaje, na siku kilipokufa wao walikuwa wapi.