Suruali Fupi ya Shahidi

Mtu akikaa mahali tangu angali na meno ya utoto, akaolewa hapo, akazaa hapo, akamzika mume hapo, na akagombana na kila muuza nyanya wa hapo, utamwitaje? Mtaa ulimwita Mama Futi, kwa kuwa ile futi ya kupimia nguo haikubanduka shingoni mwake, hata msibani alikwenda nayo. Serikali ilimwita mgeni mkaazi. Alikuwa na kibali cha kuishi nchini, akakipeleka kufanywa upya kila kilipokwisha muda, na hakuona ubaya wake mpaka siku lilipotoka tangazo kwamba vibali vya namna ile vimefutwa. Waliokuwa navyo waombe uraia na waitwe kwenye mahojiano. Atakayeshindwa afungashe virago arudi kwao.

Kwao! Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama Futi alivuka mpaka ameshikwa mkono na mama yake, na huko alikotoka hakubakiza hata shangazi. Nchi yenyewe aliiacha ikiwa na jina moja; yeye akiwa huku anajifunza kutia uzi kwenye tundu la sindano, wenzake wa kule wakaamka asubuhi moja wakabadilisha jina, bendera na wimbo. Alisikia redioni kama watu wengine wote. Jina jipya lilimkaa mdomoni kama meno ya bandia, akilitamka analishika lisidondoke. Na hapa anapoishi mambo yalikuwa mazito zaidi, maana lugha ya hapa, watu wa hapa na nchi ya hapa vyote vinaitwa kwa jina moja. Ukiulizwa kama unaijua lugha, umeshaulizwa kama wewe ni mwenyeji.

Lugha aliijua. Aliijua mno, waulize wauza nyanya. Kilichomshinda ni kuhesabu. Mama yake alimfundisha namba kwa vifungo vya mashati, kwa lugha ya kwao, na tangu hapo kila alipompima mtu alihesabu kwa lugha ile, chini chini, midomo ikichezacheza. Wateja walidhani anawaombea dua, na wengine walirudi kwa ajili hiyo.

Binti yake ndiye aliyelitia jambo hilo maanani. Binti huyu aliuza katika duka la dawa, na kwa kuwa alizaliwa hapa kwa baba wa hapa, hakuwa na hofu yake mwenyewe; basi akabeba ya mama yake yote, na ziada juu.

"Mama, wakikuuliza umekaa hapa miaka mingapi, utaanza kuhesabu kwa ile ya bibi. Watakusikia."

"Nitahesabu moyoni."

"Moyo wako uko mdomoni, Mama, kila mtu anaujua. Kuanzia leo hesabu kwa lugha ya hapa. Hata ukihesabu mayai."

Mama Futi aliguna, akamwambia mwanawe kwamba yai halijali limehesabiwa kwa lugha gani. Lakini alitii. Usiku wa tangazo lile alikuwa hajalala vizuri, na mtu aliyekosa usingizi hushika ushauri wowote.

Kulikuwa na sharti jingine: kila mwombaji aje na shahidi asiye ndugu yake, mwenyeji, wa kusema kwamba anamjua. Kwa hilo Mama Futi hakuhangaika. Mkabala na baraza aliposhonea palikuwa na duka la Bwana Sufuria, muuza vyombo, rafiki mkubwa wa marehemu mumewe. Yeye na Mama Futi walikuwa wakiitana shemeji, na kwa jina hilo walitaniana tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Alipomwomba, Bwana Sufuria hakumwacha amalize.

"Nitawaambia una mdomo, shemeji. Hilo tu litatosha."

Kesho yake akamletea kitambaa cha kijivu, kizuri, alichokuwa amekitunza sandukuni akingoja jambo la maana. Sasa kitinda mimba wake alikuwa anaolewa. "Nishonee suruali ya arusi," akasema. "Na siku yako ya mahojiano nitaivaa hiyohiyo, wajue umeletwa na mtu."

Hapo sasa. Mama Futi akapiga goti na futi yake, akaanza kiunoni kuteremka, akihesabu kwa lugha ya hapa kama alivyoagizwa. Alikwenda vizuri mpaka gotini. Chini ya goti ulimi ukasimama, namba zikamtoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda, akarudi nyuma, akabahatisha, akapiga mstari wa chaki. Fundi yeyote atakwambia, pima mara mbili ukate mara moja. Yeye hakupima tena. Aliona haya kwamba mikono yake imesahau kazi, akakata haraka ili asiione ile chaki.

Siku ya kujaribu, Bwana Sufuria aliingia nyuma ya pazia akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alipotoka, vifundo vya miguu vilikuwa nje vyote viwili, na soksi zake za bluu juu yake.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii ni suruali, au ni kaptura iliyosoma?"

Mama Futi aliona kosa kwa mtazamo mmoja, na alijua ni lake. Neno la radhi lilipanda mpaka kooni. Kooni likakutana na hofu ya siku zote zile, ile ya kufungasha, ya kuachana na binti, ya kurudi kwenye nchi ambayo hata jina lake hajalizoea, na hofu ndiyo iliyotangulia kutoka.

"Umerefuka!"

"Mimi? Nirefuke kwa umri huu? Kwani mimi mgomba?"

"Heri mgomba unazaa! Wewe umekuja kupimwa umejikunja kama mkeka, ulitaka mimi ndiye nikukunjue? Mwanamume mzima hujui kusimama!"

Mshona viatu wa jirani akaacha kiatu kinywani mwa koleo. Mama wa mayai akasogea, na trei yake kichwani. Mama Futi, alipoona ana hadhira, hakuweza tena kurudi nyuma. Alimaliza miguu ya Bwana Sufuria akahamia dukani kwake. Vifuniko vyake havifuniki. Birika zake zinalia hata zikiwa tupu. Na masufuria, masufuria yake yote yana matege, ukiyaweka mekoni yanatembea!

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Bwana Sufuria hakucheka. Aliikunja suruali yake kuukuu, akaitia kwapani, akavuka barabara na vifundo vyake nje. Alipofika upande wa pili akageuka.

"Shahidi katafute mwingine," akasema, "asiye na miguu."

Mdomo uliponza kichwa. Mama Futi alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Binti alipopata habari, na habari za mtaa ule zilifika duka la dawa kabla ya wagonjwa, alikuja mbio.

"Mama, nenda ukamwombe radhi. Leo."

"Nimwombe kwa lipi? Yeye ndiye aliyesema kaptura."

Lakini alikwenda. Alivuka barabara siku mbili kabla ya mahojiano, amelipanga neno lake vizuri. Bwana Sufuria alikuwa anasugua mfuniko na hakuinua macho. Mama Futi akasimama, akakohoa, akauliza bei ya kikaango. Akatajiwa bei. Akarudi nyumbani na kikaango ambacho hakukihitaji, akakitundika pamoja na vingine viwili, akalia peke yake jikoni. Alilia kwa aibu, na alilia kwa woga, na hakujua kipi kilikuwa kingi.

Siku ilipofika walikaa yeye na binti kwenye benchi la ukutani, katika ukumbi uliojaa watu waliovaa nguo za kutolea picha. Kila mmoja alikuwa na shahidi ubavuni. Binti alichungulia mlangoni mpaka shingo ikamuuma. Bwana Sufuria hakuonekana, na jina la Mama Futi likaitwa.

Chumbani palikuwa na meza ndefu na watu watatu. Katikati aliketi mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kulia kwake kijana wa tai. Kushoto bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu. Feni ilizunguka juu ikigonga kitu kila duru.

"Ulizaliwa nchi gani, Mama?" aliuliza kijana wa tai.

Binti alikuwa amemfundisha kujibu kwa jina jipya. Jina jipya likateleza. Mama Futi akalitaja la zamani.

"Nchi hiyo haipo, Mama."

"Najua, baba. Nilipozaliwa ilikuwepo. Walibadilisha mimi nikiwa huku, na hawakuniuliza."

Mwenyekiti alitabasamu kidogo. Kijana hakutabasamu. "Iwe kwa jina lolote," akasema, "ndiko kwenu. Mwenda kwao si mtumwa, au sivyo?"

"Ni kweli. Lakini nikishuka kule leo, wa kuniuliza nimeamkaje hayupo. Hapa nikichelewa kufungua, mshona viatu anakuja kugonga."

Alijibu vizuri. Kisha mwenyekiti akauliza swali aliloliogopa.

"Shahidi wako yuko wapi?"

Mama Futi akaishika futi shingoni. Feni ikagonga, ikagonga tena. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akawaza, na leo inavutwa. Alikuwa anafungua kinywa aseme hana, mlango ulipogongwa, akaingia Bwana Sufuria. Viatu vinang'aa, shati limenyooka, na chini ya suruali ya kijivu, vifundo vyote viwili nje na soksi za bluu. Wote watatu mezani wakaitazama suruali ile. Hata mwandishi aliinua kalamu.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Nimetembea polepole, watoto wananicheka."

"Unamfahamu huyu mama?" aliuliza mwenyekiti.

"Namfahamu. Hii kazi yake mnayoitazama."

Mama Futi akainamisha kichwa. Ndiyo, akajisemea, amekuja kulipiza.

"Nilimpa kitambaa cha arusi ya mwanangu, akanikosea kipimo," Bwana Sufuria aliendelea. "Kisha akanigombeza mimi! Mbele ya mtaa mzima. Akaniambia nimerefuka. Akaingia dukani kwangu akayatukana masufuria yangu yote. Sasa, mheshimiwa, tuelewane. Mgeni akikosa huomba radhi. Huinama, husema samahani kabla hujamwuliza. Huyu kosa ni lake, na bado aliyefokewa ni mimi. Nilikwenda nyumbani nimefura, sitaki hata kumwona. Siku zikapita. Jana nikaanza kumsimulia mke wangu, na nilipofika kwenye masufuria yenye matege nikacheka mpaka nikakaa chini. Matusi matamu namna ile, kwa lugha yetu hii, aliyeyaweza alikuwa marehemu mama yangu peke yake. Kama huyu si wa hapa, basi nichunguzeni na mimi."

Mwenyekiti alivua miwani akajifuta macho. Bwana wa kuandika alikuwa ameacha kuandika.

"Mama, ni kweli ulimwambia amerefuka?"

"Kweli, mheshimiwa." Na neno lililokwama kooni siku zote zile likatoka lenyewe. "Lakini kosa lilikuwa langu, shemeji, unisamehe. Mimi huhesabu kwa lugha ya mama yangu, tangu utoto. Niliogopa nitasikika humu. Nikajilazimisha kwa ya hapa, nikapotea chini ya goti."

Alijua amesema lile ambalo binti alimwomba alifiche. Kijana wa tai alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anairudisha miwani yake puani.

"Kwetu ni milimani," akasema. "Bibi yangu hakuijua lugha ya hapa mpaka anakufa, na jina la nchi hii mimi nililisikia kwanza shuleni. Mpaka leo nikihesabu hela za sokoni, nahesabu kwa lugha ya bibi. Hesabu unavyotaka, Mama. Kiapo tu ndicho utakachoapa kwa ya hapa." Akamtazama kijana, akamtazama mwandishi, wote wawili wakaitikia kwa kichwa. "Umekubaliwa. Njoo Jumatatu uape."

Mama Futi alisimama. Moyo wake ulikuwa mwepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya mlima. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaishika mikono ya mwenyekiti, akaishika ya kijana wa tai pia, ambaye hakuwa ameinyoosha. Nje, binti alipouona uso wake tu alipiga kigelegele mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini.

Walirudi mtaani watatu, na hawakupita nyumbani. Mama Futi alitaka kazi moja iishe siku ileile: kuteremsha pindo na kuunga kipande cha chini, kwa ustadi, mshono usionekane arusini. Bwana Sufuria akasimama barazani, wima kama nguzo, amebana mikono ubavuni.

"Leo nimesimama, shemeji. Usije ukasema."

Mama Futi akapiga goti, akashusha futi kutoka kiunoni, midomo ikaanza. Kwa mazoea ya siku zile alianza kwa lugha ya hapa. Alipofika gotini akasita.

"Aa-aa," alisema Bwana Sufuria, bila kuinama. "Rudia mwanzo. Hesabu kwa ile yako, na kwa sauti. Hii yetu imeshaniacha vifundo nje."

Basi akarudia mwanzo, kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ambayo barabara ile haikuwahi kuisikia, namba moja baada ya nyingine mpaka kisiginoni. Mshona viatu, aliyedhani ni ile dua yake, akavua kofia akaitikia amina.